Gari Fupi Lenye Winchi

Miaka ya tisini zahanati ya kijiji chetu, ng'ambo ya mbuga ukitokea Idete, iliahidiwa gari jipya na wafadhili. Tukaletewa vitabu viwili vya picha ili tuchague. Gari la kwanza lilikuwa refu, lina viti vya ubavuni ambapo watu hukaa wakitazamana, mgonjwa akalazwa katikati yao. La pili lilikuwa fupi na jepesi, na kiwandani walikuwa tayari kulifungia winchi mbele, mashine ya waya ya kulinasua gari matopeni, pamoja na bomba la kupumulia injini lililopanda mpaka usawa wa paa, lipite majini bila kuzimika. Gari refu halikuwa na winchi. Tulitakiwa kuchagua ama watu, ama winchi.

Kamati ilikutana darasani kwangu, maana nilikuwa mwalimu na paa la darasa langu lilikuwa halivuji. Wanaume walinyang'anyana vile vitabu. Walibishana juu ya nguvu za injini, tangi la pili la dizeli, hata kiyoyozi, na wengi wao hawakuwahi kumiliki baiskeli yenye breki. Mama yangu alikaa nyuma, kwenye dawati la watoto. Alisimama akauliza swali moja tu.

"Hilo fupi, mgonjwa anasindikizwa na wangapi?"

"Mmoja, mama," mwenyekiti akamjibu. "Hospitali haihitaji ukoo mzima."

Wakacheka. Mama akakaa. Kwetu mgonjwa haendi hospitali peke yake. Anakwenda na mama yake, na shangazi, na wa kumpikia, na wa kumfulia, na masufuria yao. Kila mtu mle darasani alilijua hilo, lakini siku ile kila mtu alitaka kuonekana wa kisasa. Hasira ile ninayo mpaka leo.

Wanakamati wakaenda Ifakara kulijaribu lile fupi. Walisimulia kwamba waliliingiza makusudi kwenye mtaro wa matope, wakafunga waya wa winchi kwenye mti wa mvule, gari likajivuta lenyewe hadi nchi kavu. Watu wakapiga makofi. Hapakuhitajika ushahidi mwingine.

Masika ya kwanza ya gari lile, mdogo wangu alishikwa na uchungu. Mtoto alikaa vibaya, damu zikaanza kutoka, na mkunga akasema apelekwe hospitali ya Ifakara haraka. Mama alikuwa ameshajifunga kanga kiunoni, sufuria ya uji kichwani. Dereva, kijana mwenye adabu, alimwamkia shikamoo kwanza ndipo akamwambia kwamba nafasi ni moja. Mama akanitazama. "Nenda wewe, unajua kuzungumza na madaktari," akasema. "Sisi tutafuata kwa miguu." Nikaingia, nikakaa kwenye kiti cha pembeni, kichwa cha mdogo wangu kikiwa mapajani mwangu.

Katikati ya mbuga gari likazama. Bomba lilifanya kazi yake, injini haikuzimika hata kidogo. Dereva akaruka, akavuta waya wa winchi, kisha akasimama nao mkononi akiangalia huku na huku. Mbele yetu kulikuwa na majani na maji mpaka milimani. Hapakuwa na mti. Mbuga yetu haina miti, na sisi tuliozaliwa pembeni yake tulikuwa tumechagua gari linalohitaji mti. Alichomeka koleo ardhini, akalifunga waya. Likang'oka kama muhogo. Akalizika gurudumu la akiba, nalo likaja. Tulisukuma sisi wawili, tukaishia kuanguka kifudifudi kwenye matope.

Mdogo wangu aliniuliza mama yuko wapi. Nikamwambia anakuja. Akauliza tena, na tena, sauti ikipungua, halafu akanyamaza. Nilimfunika kwa kanga yangu. Dereva alikaa kwenye tope, mgongo ameuegemeza kwenye gurudumu, akalia kwa sauti.

Ukoo ulitokea jua likiwa utosini, mstari mrefu wa watu ndani ya maji, mama mbele. Nilimwendea. Alinitazama nilivyokuwa bila kanga, akaelewa. Aliishusha sufuria polepole juu ya kichuguu, kana kwamba uji bado una mwenyewe.

Baada ya kilio walilizunguka gari, shangazi, binamu, majirani, wakaweka mabega. Likatoka kwa msukumo mmoja.

Dereva akaligeuza kuelekea nyumbani. Mama akasogea dirishani kwake, matope yamempanda mpaka kiunoni.

"Baba," akamuuliza, "sasa nafasi ipo?"

Nikafungua mlango wa nyuma, nikamshika mama mkono, akapanda akakaa kwenye kiti changu.

Mimi nilifuata kwa miguu, nimebeba sufuria.