Msalaba wa Chaki Ubavuni mwa Namba Tisa

Isaiah Wesonga alitoka Ngara Jumamosi asubuhi amevaa suti yake ya kanisani, na kwapani amebana koleo lililofungwa gunia. Majirani walicheka. Nani huenda Lavington, kwa matajiri, na suti na koleo? Mzee alishika njia. Alikuwa na miaka sabini na minne, Jumanne alikuwa anarudi kwao Busia kabisa, na kabla ya kuondoka alitaka jambo moja tu: kuisikia Namba Tisa ikipumua tena.

Namba Tisa ilikuwa rola ya mvuke, lile dude la chuma lililoshindilia barabara za Nairobi kwa nguvu za moto wa kuni. Wesonga aliajiriwa kuuchochea moto huo akiwa na miaka kumi na minane, mwembamba hata ovaroli ndiyo iliyomvaa yeye. Dereva, Mzee Muema, alimfundisha mengi na kumtukana zaidi. Kila asubuhi kabla ya kiberiti, Muema aliigonga boila yote, lile tangi la kuchemshia maji, kwa nyundo ndogo, ametega sikio. Chuma kikiwa kizima kililia kama kengele. Kikiwa kimeliwa na kutu kilitoa sauti butu. Hapo alichora msalaba wa chaki, na moto hauwashwi, bosi apige kelele asipige. Boila ikipasuka haiulizi bosi ni nani.

Zikaja rola za dizeli, Namba Tisa ikauzwa, Muema akafa. Mwaka huu Bwana Kibe, tajiri wa Lavington, aliikuta kichakani katika shamba alilonunua. Akaileta kwake, akaipaka rangi ya kijani, akatafuta mtu aliyewahi kuiwasha. Alikuwa amebaki Wesonga peke yake.

Alipofika, wageni walikuwa tele bustanini, na nyama imeshaletwa kutoka Kenyatta Market. Alitoa nyundo ndogo mfukoni, akagonga boila mbele, ikalia. Akagonga juu, ikalia. Moyo ulimdunda kwa furaha. Akainama ubavuni, karibu na tanuri, akagonga chini.

Sauti butu.

Aligonga tena, akiomba masikio ya uzee yawe yanamdanganya. Hayakumdanganya.

"Mzee, tuwashe? Watu wamengoja," Kibe alisema.

"Haiwaki, Bwana Kibe. Chuma imeoza hapa chini."

"Ah, mzee! Si tuweke moto kidogo tu? Ipige honi mara moja, tuzime. Na wewe si umengoja hii siku miaka yote hiyo?"

Ni kweli alikuwa amengoja, na pale hapakuwa na mwingine aliyeijua ile sauti. Angekubali tu, moto ungewaka. Aliwatazama wageni waliosimama na sahani zao hatua chache kutoka kwenye boila. Akatoa chaki mfukoni.

Akachora msalaba pale chini, ukatoka umepinda. Alilia mbele za watu, na wala hakuona haya.

"Ukileta fundi mwingine," alisema, "mwambie agonge hapa kwanza."

Kibe alitaka kubisha, akauona uso wa mzee, akarudi kwa wageni wake.

Wesonga alipanda kwenye rola, akafungua gunia. Koleo lilikuwa lile la kuzolea majivu ya tanuri, alilopewa na Muema siku ya kwanza ya kazi. Aliliegemeza mahali pake, kando ya mlango wa tanuri, akashuka, akaenda zake kituo cha matatu mikono mitupu.