Kuku Waliolazwa Barazani Kwangu

Nilitumikia idara ya wanyamapori hadi nilipostaafu, kisha nikarudi nyumbani Ikungi kulima alizeti. Kijijini kwetu husemwa kwamba nilimtetea mwizi wa kuku. Si kweli. Nilimtetea mnyama aliyeshtakiwa kwa kosa la mwingine.

Jirani yangu, kijana anayekusanya kuku wa kienyeji wa kupeleka Dar es Salaam, alikuta kuku wengi wameuawa bandani, vichwa vimeliwa, miili imeachwa. Akatega mtego wa kisanduku. Akamnasa kimburu, na watu wakaja na fimbo.

"Shikamoo mzee. Njoo umwone paka wetu mwizi," jirani akaniita.

"Marahaba. Huyo si paka wa mtu. Ni kimburu, paka wa porini, tena ananyonyesha. Mfungulie."

"Mzee huyu kastaafu, kofia ya kazi hajavua!" akasema mmoja, wakacheka.

Ujinga ule unaniudhi hadi leo. Paka wa nyumbani hana miguu mirefu kiasi kile, wala wekundu ule nyuma ya masikio. Chuchu zake zilikuwa zimevimba na manyoya yaliyozizunguka yamelala kwa kunyonywa. Watoto walikuwa mahali fulani, pengine katika shimo lililoachwa na muhanga, na dume la kimburu hasaidii kulea. Mama akiuawa, nao wamekwisha.

Niliwaeleza kwamba kuua kuku wengi na kula vichwa tu ni desturi ya kanu, yule mnyama mrefu mwenye madoa anayepenya chini ya paa. Kimburu huwinda zaidi panya, wale wale wanaotumalizia alizeti. Hakuna aliyesikiliza. Fimbo ya kwanza ilipoinuliwa, niliufungua mlango wa mtego kwa mkono wangu. Kimburu alinikwaruza hadi damu ikatoka, akatokomea shambani. Sikutegemea shukrani yake.

Tangu siku hiyo, kila kuku aliyekufa analazwa barazani kwangu.

"Mzee, kazi ya mtoto wako kimburu hiyo."

Namkagua kila mmoja na kutoa jibu. Huyu ni kanu. Huyu amekufa kwa kideri, mzikeni mbali. Huyu ameliwa na mbwa wako mwenyewe, usinipotezee muda.

Juzi jirani alileta tetea mmoja. Kisogoni palikuwa na alama za meno makali, nyembamba, zilizokaribiana. Manyoya ya kifua yamenyonyolewa, nyama imeliwa vizuri. Watu walisimama wakinitazama. Ningeweza kumsingizia kanu, wala hakuna ambaye angejua.

"Huyu ameuawa na kimburu," nikasema.

Jirani akapiga makofi. "Mmesikia wenyewe! Mtego unarudi leo."

"Utege. Alfajiri nitakuwa pale kuufungua."

"Mbele yangu, mzee?"

"Mbele yako. Na kuku wako akifa usiku, uje naye, nimkague mapema."