Mpira Usiomezeka

Juzi, kwenye duka la dawa za mifugo pale Igoma, mzee mmoja aliweka mpira mdogo wa plastiki juu ya kaunta.

“Binti, huu utamfaa mbwa wangu kuchezea?”

Wateja tukacheka. Yeye hakucheka.

“Wa kwanza alimeza kipande cha ndala, akanifia mikononi.”

Muuzaji akaubonyeza mpira, ukabonyea.

“Huu ataupasua aumeze, babu. Mdomo wake ukoje?”

Mzee akatanua vidole. Muuzaji akamletea mpira wa raba ngumu, mkubwa kuliko mdomo huo. Mzee akaung’ata mwenyewe, akatabasamu.

Nami nilinunua mmoja. Mbwa wangu amenilinda miaka sita. Jioni ile ndipo nilipojua kwamba anapenda kucheza.