Kilemba Kilichokatwa Mfuko

Jumatatu asubuhi Ardith Hostler, mtunza vitu vya kale wa Wahupa, kabila la wenyeji wa asili wa Marekani, alifungua kabati. Kasha la kilemba cha babu yake lilikuwa wazi, na mfuko wa plastiki umepasuliwa kwa kisu, mkato ulionyooka kama wa kumpasua samaki wa samoni.

Kilemba hicho cha manyoya mekundu ya kigong'ota kilikuwa kimerudi kutoka makumbusho ya mjini baada ya miaka tisini. Huko walikuwa wamekipaka sumu ya arseniki kisiliwe na nondo. Wapimaji walisema hakivaliki, wala hakishikwi bila glavu. Ardith alikifunga mara mbili kwa mikono yake.

Mjomba wake Byron, mwimbishaji wa ngoma, alikuwa barazani na kahawa yake.

"Mjomba, umekata mfuko?"

"Nimekata. Kilikuwa hakipumui."

"Kina sumu!"

"Na mimi nina sukari, mbona hujanitia mfukoni?"

"Umekishika?"

"Nimekitikisa kidogo, nikakiimbia. Vilemba hivi ni watu, mwanangu. Mtu kafungwa miaka tisini, anafika kwao, unamfunga tena?"

Hilo ndilo lililomchoma Ardith: maneno hayo alifundishwa na mjomba huyuhuyu, naye aliyaamini. Lakini kwenye rafu ya chini kulikuwa na kilemba kipya cha kaka yake Wendell, alichokishona majira matatu ya baridi ili acheze nacho Jumamosi katika Ngoma ya Kuruka. Sasa kilikuwa na vumbi lililodondoka kutoka kile kilichotikiswa juu yake.

"Nenda kanawe kwa sabuni, hadi viwiko," alisema. "Cha Wendell hakichezi. Lazima kipimwe, na majibu ya maabara ni wiki mbili."

Mzee aliweka kikombe chini, akaenda kunawa.

Jumamosi wanaume walijipanga uwanjani, vilemba vyekundu vikipanda na kushuka pamoja. Wendell aliketi kwenye benchi, kando ya dada yake.

"Basi mwakani," Ardith alisema, kisha akajuta.

"Mwakani haichezwi, dada. Unajua ni kila baada ya miaka miwili."

Wimbo ulipokwisha, Byron aliwajia. Hakuthubutu kumtazama Wendell.

"Ardith, kitengenezee kilemba cha babu yako kasha la kioo. Nitakiimbia nikiwa nje."

"Nilikuomba ukubali hilo tangu mwaka jana, mjomba! Ukasema kioo ni jela yenye dirisha."

"Mwaka jana nilikuwa sijamkalisha mtu benchi."

Wendell alisogea kidogo kumpisha. Mzee akaketi.