Mume wangu alivyotaka kujua binti yetu amekuwa wa ngapi

Wakuu, heshima zenu. Hii sijasimuliwa na mtu, imetokea nyumbani kwangu hapa Hodge Hill, Birmingham. Mhusika mkuu kalala kwenye sofa anakoroma, kwa hiyo naandika kwa uhuru.

Binti yetu Salma ana autism, yaani usonji. Maneno yake machache. Anasoma academy ya watoto wenye mahitaji maalumu, zile shule ambazo serikali inatoa hela ila zinajiendesha zenyewe.

Sasa mume wangu ni mtu wa Tanga, na kila shule zikifunga dada yake mkubwa anapiga simu kutoka huko. Swali ni lile lile:

"Salma amekuwa wa ngapi?"

Mzee wangu anaanza kukohoa. Mara network mbaya. Namhurumia huku nacheka.

Mwaka huu kachoka kukohoa. Akaingia kwenye website ya kulinganisha shule, akatoka uso umemshuka. Shule yetu iko mkiani. Kuna nyingine ng'ambo ya mji iko juu kabisa, basi akaamua Salma anahama.

Roho iliniuma. Salma alichukua muda mrefu mpaka akaacha kulia pale getini. Kumhamisha ni kuanza upya, na sikuwa na uhakika kama ataweza.

Tukaenda kwanza kumwona mwalimu wake. Mume wangu kavaa suti, wakuu, ile ya harusi. Akauliza kwa Kiingereza chake cha taratibu, binti yake ana position gani darasani.

Mwalimu akamwambia wao hawapangi namba, wanampima Salma na Salma wa mwaka jana. Kwa sasa wanamfundisha kufunga zipu ya koti.

Kwenye gari mzee hakunipa nafasi ya kupumua. "Zipu? Term nzima zipu?"

Tukaenda na ile shule ya juu. Kuzuri jamani, zulia mpaka karibu na choo. Walitusikiliza vizuri sana, halafu mama mmoja mpole akasema kwa mtoto kama Salma, pengine wao siyo the right fit, yaani hapamfai.

Tulipofika kwenye roundabout mzee akafunguka.

"Kumbe namba zao nzuri kwa sababu watoto kama wetu hawamo," akasema.

Nilitamani kumwambia nilikwambia. Nikameza, ndoa ina mambo mengi.

Asubuhi moja ya baridi tunataka kutoka, mume wangu akainama kumfungia Salma koti kama kawaida. Salma akamsukuma mkono. Akahangaika na zipu, ikakwama, akaanza tena, ikapanda mpaka kidevuni.

"Done," akasema.

Baba mtu akageukia ukutani, eti anatafuta kofia. Kofia alikuwa kaivaa.

Shule zikafunga, dada akapiga. Salma wa ngapi?

Safari hii hakukohoa. "Dada, Salma anafunga zipu ya koti mwenyewe."

Nikajua leo tunasemwa.

Mara tukasikia kigelegele, kile cha harusini, na dada anawatangazia walioko uani.

Nilichojifunza: namba za shule zisomeni, ila ulizeni pia ni watoto gani hawakupokelewa. Wenye watoto kama Salma, ninyi shule zenu mnazipimaje? Tuelimishane hapa, ila taratibu, mzee kaamka na anauliza nacheka nini.