Lenzi za Kijivu za Bibi Harusi

Mpambaji wa maharusi, pale mtaani kwao Lahore, alizikosha brashi zake kwa shampuu na kuzianika juani kama pilipili. Lenzi zake laini za kijivu, zilizokwishapita machoni mwa maharusi wa mtaa mzima, hazikupata heshima hiyo. Zilikaa kwenye kikopo chenye utando, na dawa ya zamani ya kuzilowekea hakuimwaga kamwe; aliongezea matone juu yake, kama mtu anayerefusha mchuzi wageni wakizidi. Binamu wa Sumbal alizivaa siku ya harusi yake, akaishia kufungwa bandeji jichoni. Leo bibi harusi alikuwa Sumbal mwenyewe, na kikopo kilipofunguliwa akaona vidoa vyeusi kwenye lenzi.

"Anti, hizi zimeota ukungu."

"Ukungu wapi, mwanangu? Hiyo ndiyo nakshi yake. Mumeo atazimia!" Akaipuliza lenzi, akaipangusa kwa pindo la mtandio wake, akaisogeza kwenye jicho la Sumbal.

Sumbal akamdaka mkono. "Basi vaa wewe kwanza, nione inavyopendeza."

Mpambaji akaruka nyuma, kiganja usoni. "Wee! Macho yangu mimi si ya kuchezea."