Mhina Aliotuficha

Habari ya kifo chake niliipata kwenye simu, katika lile kundi la ujumbe la mtaa wetu wa Mji wa Kale, na kusema kweli sikuiamini. Kundi hilo limekwisha kuwazika watu ambao mpaka leo wanakula mahamri yao asubuhi. Basi nilivaa kanzu, nikasema nitakwenda kwanza nikaone kwa macho yangu. Nilipokunja kona nikaona viti vya plastiki vimepangwa mbele ya duka lake na mlango umefungwa mchana kweupe, nikajua safari hii ni kweli, maana mtu yule hakuwa akilifunga duka ila kwa swala, wala hakumwamini mwenzake hata akamwachia likiwa wazi. Nilihuzunika sana. Tangu siku hiyo wasomaji wanaomjua wamekuwa wakiniuliza mbona sijamwandika. Sikutaka kumwandika mpaka kaskazi, yale majira yetu ya jua kali, ipite. Kulikuwa na jambo moja nililotaka kulihakikisha kwanza, na nadhani yeye mwenyewe angenikubalia, kwani hakupenda maneno yanayotangulia mbele ya ushahidi.

Kwa asiyemjua, alikuwa muuza rangi, misumari na kamba, Muislamu wa asili ya Kihindi ambaye babu yake alizaliwa papa hapa kisiwani, na Kimvita chake kilikuwa safi kuliko changu. Mkewe alimtangulia miaka mingi nyuma. Alikuwa akiishi na binti yake ghorofani, juu ya duka. Lakini kilichomfanya ajulikane si rangi, ni mimea. Kwenye baraza yake alipanga mikebe mitupu ya rangi, na ndani yake mlikuwa na mishubiri, mawaridi ya jangwani yenye mashina yaliyovimba, vichaka vya miba vyenye maua mekundu, na vingine ambavyo hata majina yake siyajui. Sasa, nyinyi mnaoishi kisiwani mwaijua kaskazi yetu. Jua halina haya, mfereji ukiufungua wakohoa hewa tupu, na mtu hukaa mlangoni akimngoja mwenye mkokoteni wa maji kama anayengoja posa. Wakati huo huo ambapo mrehani wa kila nyumba umekwisha kukauka, baraza ya bwana huyu ilikuwa kijani. Mngefikiri nini? Sisi tulifikiri vivyo hivyo.

Ilisemwa kwamba anachota maji kwenye birika la msikiti. Wengine walidai kuna bomba la siri ndani ya ukuta wake, limepitishwa zamani na fundi ambaye amekwisha kufa, kwa hivyo hakuna wa kumuuliza. Mimi, ambaye kushuku ndiyo kazi inayonilisha, nilihamia kwa muda kwenye benchi la muuza kahawa aliye mkabala na duka, nikawa nanywa kahawa nisiyoitamani ili nimwone akimwagilia. Sikumwona. Hilo likanizidishia shaka badala ya kunipunguzia. Mikebe yote ile, na mtu asishike hata kikombe? Mwisho mama mmoja wa nyumba ya pili alishindwa kuvumilia. Alivuka njia na buibui lake, akasimama mbele ya wateja.

"Bwana, maji ya msikiti ni ya watu kutawadha."

"Nalijua hilo," akajibu, huku akiendelea kupima kamba. "Na yako ni ya nini?"

"Yangu nayanunua kwa mkokoteni! Na pesa zangu nazitoa mwenyewe."

"Basi nenda kautazame mrehani wako. Waupa maji kila asubuhi, na bado wafa. Mimi hii siipi, nayo yaishi. Ni nani anayeharibu maji hapa?"

"Haya. Mungu aona."

"Ndiye ninayemtegemea, mama, maana nyinyi mwaona na visivyokuwapo."

Tulicheka, lakini hakuna aliyeacha kumshuku. Mimi nilianza kumwelewa siku tuliyokwenda pamoja upande wa Makupa, kwa wauza miche wanaopanga bidhaa zao kando ya barabara. Nilitaka maua ya kuweka roshani kwangu, naye akasema atafuatana nami kwa sababu, kwa maneno yake, "wewe mwandishi utauziwa majani ya plastiki na utashukuru." Muuzaji alituonesha mche ulionawiri, majani yakimeta. "Huu, mzee, hautaki maji kabisa. Waweka tu juani." Bwana wangu akatia kidole kwenye mfuko wa udongo mpaka kikazama.

"Kama hautaki maji, mbona udongo umerowa hivi?"

"Nimeunyunyizia kidogo tu, upate kupendeza."

"Umpendeze nani? Mimi siuposi, nauweka juani."

Akampita muuzaji, akaenda mpaka nyuma ya kibanda, mahali palipotupwa miche iliyodumaa. Akainama, akaparuza gome la mmoja kwa ukucha. Ndani yake mlikuwa kijani. Ulikuwa mhina, mwembamba, majani machache, udongo wake mkavu umeachana na mfuko. Muuzaji akaona haya, akasema huo alikuwa anataka kuutupa, umemshinda. "Haukukushinda," akaambiwa. "Uliusahau, nao haukufa. Ndio ninaoutafuta mimi." Kisha akakumbuka kuwa tulikuja kwa ajili yangu, akanichagulia mshubiri wenye sura mbaya kuliko yote. Ningali nao, na sura haijawa nzuri.

Njiani alinieleza. Mmea unaonyunyiziwa kidogo kila siku, mizizi yake hukaa juu juu, kwa kuwa haina haja ya kwenda mbali. Siku mwenyewe akisafiri, umekwisha. Lakini ukiushibisha maji mara moja, kisha ukauacha mpaka udongo ukauke, mizizi huyafuata maji chini. Mche mchanga huwezi kuunyima ghafla, alisema, kama usivyomwachisha mtoto ziwa kwa siku moja. Waurefushia siku polepole. Baadaye huupandisha juu ya bati la nyumba, mahali ambapo mchana huwezi kuweka unyayo, na hapo ndipo mmea husema kweli. Ile iliyolia kiu aliwagawia majirani, akisema, "Huyu ni mwenzenu, ataka kubembelezwa." Kumbe mirehani mingi ya mtaa ilikuwa hiyo iliyoshindwa mtihani wake.

Nilimuuliza kwa nini ajisumbue hivyo, naye hakunijibu siku hiyo. Alinijibu Ijumaa moja, baada ya swala, aliponikuta kwenye njia ya makaburini na akanipeleka kwenye kaburi la mkewe. Palikuwa na mhina mkubwa, umefika kifuani, una maua, na harufu yake niliinusa kabla sijafika. Alisema siku ya maziko jamaa walipanda mrehani hapo, kama ilivyo desturi yetu, na kila mmoja akamshika mkono akamwambia, tutakuwa tukija kuumwagilia. Kaskazi ilipofika yeye mwenyewe akaugua miguu. Alipopata nafuu akaja, akakuta kijiti. "Wote walikuwa watu wazuri," akaniambia. "Walinipenda, na yeye walimpenda. Lakini hakuja hata mmoja. Yeye alikuwa hapitishi sikukuu bila hina mkononi, na mimi nimemwacha chini ya kijiti." Machozi yalimtoka, akayafuta kwa mkono uliokuwa na vumbi. Ndipo nikajua kwamba mikebe yote ile ya barazani ilikuwa ni utafutaji wa mmea mmoja ambao hautatuhitaji.

Tangu hapo nimekuwa naangalia miti ya mji huu kwa jicho lake, na nawaambia ni jicho lisilompa mtu raha. Kuna jumba jipya la ghorofa ninalolipita kila siku, mbele yake wametandika nyasi laini za kijani, na wapangaji wa jumba hilo hilo nawaona wakipandisha madumu ya maji kwa ngazi. Nyasi zanywa, watu wanunua. Nikiona mti umepandwa siku ya wageni, una utepe na mtu anapiga picha, hujiuliza ni nani atakayekuwapo wageni wakishaondoka. Nikiona mnazi wa mapambo umeletwa na lori ukiwa mkubwa tayari, nataka kutia kidole kwenye udongo wake. Hatuchagui mmea kwa ajili ya jua tulilo nalo. Twachagua kwa ajili ya siku ya kwanza, siku ya kusifiwa, na yaliyobaki twamwachia mtu mwingine ambaye hatujamwambia. Hao wanaosema wanapendezesha mji nawashuku wote, na wakinishuku mimi pia, ni haki yao.

Turudi kwenye matanga yake. Alifariki vuli ikianza, na mtaa mzima ulikuja, hata yule mama wa mrehani, ambaye alilia kuliko wengi. Baraza ilijaa watu, na watu wakaiona ile mikebe imekaa mikavu. Huruma ikawashika. Mzee ameondoka, wakasema, maskini mimea yake nayo ina kiu! Aliyetawadha akabakisha maji kwenye kopo akaimwagilia. Aliyekuja na chupa akaigawa. Siku ya hitima, baada ya chakula, maji ya kunawia mikono, yenye sabuni na mafuta ya pilau, yalimiminwa humo humo kwa bismillahi na kwa nia ya thawabu. Nilisema waache, nikaambiwa nisiwe na roho mbaya. Na juu ya hayo mvua nayo ikaja. Siku chache baadaye mawaridi ya jangwani yalikuwa yameoza mashina, ukiyagusa yanabonyea, na mishubiri imelala ubavu. Kilichokuwa kimeshinda jua la miaka kilishindwa na wema wetu wa juma moja.

Binti yake aliteremka, akaona. Alinyanyua mkebe mmoja, akaunusa, akauweka chini. Nikamwambia pole, mwanangu, na mimea ya baba nayo imekwenda. Akanitazama kwanza, akageuka nyuma kuona kama kuna mtu, kisha akasema kwa sauti ya chini: "Upo mmoja, ami. Uko juu ya bati, nyuma ya tangi. Baba aliniusia nisiuoneshe mtu mpaka matanga yaishe." Nikapanda naye. Ulikuwa ule mhina wa Makupa, sasa mnene kiasi cha kidole gumba, ndani ya mkebe wa rangi nyeupe. Alikuwa amejiandalia wa kwake mwenyewe. Alitujua, akaukinga na sisi.

Tuliupanda kaburini kwake, kando ya mkewe. Binti akaupa maji ya kupandia, akaushibisha, akasema yaliyobaki vuli itayamaliza. Waliokuwapo hawakuridhika. Walimshika mkono mmoja mmoja, wakamwambia asiwe na wasiwasi, watakuwa wakija kila Ijumaa kuumwagilia. Aliwashukuru wote, akainamisha kichwa. Nilimwona ametabasamu kidogo, tabasamu la babake kabisa.

Sasa kaskazi imekwisha, na juzi nilikwenda kuhakikisha. Jua lilikuwa lingali kali. Udongo wa kaburi ulikuwa mkavu umepasuka, nikatia kidole, hakikuingia. Nikamuuliza mlinzi wa makaburi ni nani anayekuja kumwagilia hapa. "Hapa?" akasema. "Walikuja hao wa mwanzo mwanzo. Siku hizi ni bintiye tu, huja akasoma akaenda zake. Maji haleti." Nikautazama mhina. Ulikuwa umechipua matawi mapya kila upande, majani madogo, magumu, ya kijani, na tawi moja limeanza kulielekea kaburi la mkewe. Hili ndilo nililolipata kwake na ndilo ninalowaachia: ukimpandia umpendaye, mpandie kitu kitakachoishi hata ahadi za watu zikifa. Bwana yule alisema kweli kuhusu mmea, na alisema kweli kuhusu sisi. Nilisimama pale muda mrefu, nikatamani sana angalau katika hilo la pili awe amekosea.